Akiba Haiozi: Tulivyokula Nyumba Zilipojaa Watu

Leo naleta historia ya sufuria.

Tukikumbuka mwaka 2020, wengi wetu tunakumbuka barakoa, ndoo za kunawia mikono mlangoni na nyungu za kujifukiza. Chakula hatukizungumzi sana. Lakini chakula ndicho kilichokuwa kinamwamsha mama kila siku alfajiri, kwa sababu watoto walikaa nyumbani siku 104 mfululizo, na kila mmoja alitaka kula. Nimeongea na mama zangu wa hapa Usagara, nimesoma kidogo, nimekumbuka na ya kwangu, na nimeona kwamba yaliyotupata jikoni mwaka ule yaliwapata pia waliotutangulia, kwa namna nyingine. Nyumba ikijaa watu na njia zikifungwa, jiko linarudi kwenye akiba. Na anayejua kuitengeneza akiba hiyo, ambaye kwetu mara nyingi ni mwanamke, ndiye anayeivusha nyumba. Tukiacha kumfundisha binti, siku njia zikifungwa tena tutakula nini?

AKIBA YA BIBI ZETU

Tuanze mbali. Kabla mahindi na mihogo havijaenea, nyumba za Usukumani zilikula mtama, uwele na ulezi. Nafaka hizi zina sifa moja kubwa: zinakaa. Ukizikausha vizuri na kuziweka kwenye kihenge kilichoinuliwa juu ya ardhi, zinakungoja mpaka msimu mwingine. Mahindi na mihogo asili yake ni bara la Amerika, vikaja kwetu baadaye. Wakati wa Waingereza, wakulima waliamriwa kulima mihogo kama chakula cha kukinga njaa, maana muhogo unavumilia jua na unaweza kubaki ardhini muda mrefu bila kuharibika. Wazee hawakuipenda amri, lakini shamba la muhogo likawa ghala lililofukiwa chini. Leo ukivuka kwenda Nansio, muhogo unauona kila mahali kana kwamba ulikuwepo tangu uumbaji.

Viazi vitamu navyo vina akiba zake mbili. Ya kwanza ni michembe: unamenya kiazi kibichi, unakikata vipande vyembamba, unaanika juu ya jiwe mpaka kikauke kabisa. Ya pili ni matobolwa: unachemsha kwanza, unakata, halafu unaanika. Michembe huchemshwa siku ya shida, ikaliwa na karanga au maharage. Matobolwa unaweza kuyatafuna hivyo hivyo na chai, au mtoto akayatia mfukoni akaenda nayo machungani. Upande wa mboga kuna nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa. Upande wa kitoweo kuna dagaa na furu wa kuanika. Angalia ukamilifu wake: wanga, mboga na samaki, vyote vimekauka, vyote vinakaa, na hakuna hata kimoja kinachohitaji friji wala umeme.

Bibi zetu walijua pia kwamba kuna vipindi vya kukaa ndani vinavyojulikana mapema. Masika ni kimoja: mvua inapiga, kuni zimelowa, sokoni hakufikiki. Uzazi ni kingine. Mama akijifungua anakaa ndani arobaini, na chakula chake huandaliwa kabla. Huku kwetu ni uji wa ulezi na supu ya samaki ili maziwa yashuke. Ndugu zetu wa Unguja na pwani humpa mzazi uji wa pilipili manga. Nyumba iliyosubiri mtoto ilisaga unga mapema, ikatafuta kuni mapema, na mama mkwe au dada mtu akaja kushika jiko. Kukaa ndani kuliandaliwa kama safari.

Dada zangu wa Ukerewe mnaotaka kuona maisha ya namna hii yalivyokuwa, mnaye mtu wenu. Mzee Aniceti Kitereza aliandika kwa Kikerewe, mwaka 1945, habari ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na kitabu kikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Mashamba, mapishi, pombe ya ndizi, kuuguza mgonjwa, vyote vimo. Aliandika kwa kuogopa kwamba mila zitapotea. Alikuwa na haki ya kuogopa.

VITA, GIZA NA UNGA WA YANGA

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Vita ilikuwa upande wa pili wa Ziwa, lakini Mwanza haikusalimika. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilikuja kupiga mabomu hapa. Ilikosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama waliokuwa wakitunzwa pale. Kisiwa kile kiko karibu kabisa na mji. Mama yangu mkubwa alikuwa binti wakati ule, na anasimulia kwamba nyumbani kwao walibadilisha saa ya kula. Ugali ulipikwa jua likiwa bado juu, watu wakala, moto ukafunikwa majivu kabla ya giza, watoto wakaingizwa ndani. Asiyekula mapema alilala na njaa, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwasha moto uani usiku.

Vita iliisha, lakini shida ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Miaka ile ya mwanzo wa 1980 sukari, sabuni, mafuta na unga vilikuwa vya kupanga foleni. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaendesha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na watu wengine wakaficha au kutupa bidhaa usiku wasije wakakamatwa nazo. Nyumba nyingi zilikula mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani. Watu wakayaita unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi. Mpaka leo mtu mzima akiona ugali wenye rangi ya njano anacheka, lakini kicheko chenyewe kina kumbukumbu ya njaa ndani yake.

Wakati ule nyumba zilijifunza kunywa chai isiyo na sukari, au chai yenye chumvi kidogo, ukishushia na kiazi kitamu. Kiazi kikawa ndiyo sukari na ndiyo mkate. Shikeni hilo, tutalirudia tukifika 2020.

TARIME 1985: AKIBA ILIYOHARAKISHWA

Hapa nataka twende taratibu, maana ni jambo linalouma na wengi wetu hatukulisikia shuleni.

Muhogo uko wa aina mbili, mtamu na mchungu. Ule mchungu una sumu ya asili. Bibi zetu waliishinda kwa kuvundika au kuloweka muhogo siku kadhaa, kuuponda, kisha kuuanika mpaka ukauke, ndipo ukawa udaga wa kusaga. Kila hatua ina kazi yake. Ukiruka moja, sumu inabaki kwenye unga.

Mwaka 1985, wakati wa ukame, huko kaskazini mwa Tarime, mkoa wa Mara, watu zaidi ya 100 walishikwa na ugonjwa wa miguu. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Mtu mzima wa afya, ghafla miguu inakakamaa, hawezi kutembea sawasawa tena, na hali hiyo haiponi. Madaktari waliochunguza waliuita konzo, jina lililotoka Kongo ambako ugonjwa uliwahi kuandikwa tangu miaka ya 1930. Chanzo kilikuwa muhogo mchungu ambao haukuandaliwa kwa siku za kutosha, ukaliwa karibu peke yake, bila samaki, nyama wala maharage ya kuusaidia mwili kuitoa sumu.

Mnaona ilivyokuwa? Wanawake wale hawakuwa wajinga. Walijua kuandaa muhogo kama mama zao walivyojua. Njaa ndiyo iliyowaharakisha. Watoto wanalia, udaga unataka siku kadhaa, na ndani hakuna kingine cha kuwatuliza kwa siku hizo. Kwa hiyo akiba ina siri moja: chakula kilicho tayari leo ndicho kinachokupa muda wa kuandaa vizuri chakula cha wiki ijayo. Nyumba isiyo na kitu kabisa inalazimika kula kisichoiva.

Na siri ya pili ni dagaa. Kiganja cha dagaa kwenye mboga tunakidharau, tunakiita chakula cha maskini. Lakini protini ile ndiyo iliyokosekana katika sahani za Tarime.

MWAKA 2020 JIKONI KWETU

Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, huko Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule za awali, za msingi na sekondari. Mwanzoni tuliambiwa siku 30. Vyuo vikafuata. Kidato cha sita na vyuo walirudi tarehe 1 Juni, na shule nyingine zote tarehe 29 Juni.

Tanzania haikuwafungia watu ndani. Masoko yaliendelea, makanisa na misikiti haikufungwa na Serikali, na Rais John Magufuli akaitisha maombi ya kitaifa ya siku tatu, tarehe 17 hadi 19 Aprili. Kwetu kwa hiyo ilikuwa nusu kwa nusu: baba na mama wanatoka kutafuta riziki, watoto wako nyumbani mchana kutwa.

Hebu tupige hesabu ya kifundi, maana mimi ni fundi cherehani na bila kupima sikati kitambaa. Siku 104, ukitoa Jumamosi na Jumapili, zinabaki 74. Nyumba ya watoto watano ambao mchana walikuwa wanakula shuleni uji, makande au andazi la getini, sasa ina sahani 370 za mchana ambazo haikuzipangia. Hata ukipunguza siku ambazo zingekuwa likizo ya kawaida, bado ni debe juu ya debe. Na upande wa pili wa hesabu hiyo yupo mama aliyekuwa akiuza vitumbua na maandazi pale getini. Watoto wake wameongezeka mezani siku ileile wateja wake walipotoweka.

Saa ya kula ilibadilika. Nyumba nyingi za hapa zilisogeza chai mpaka saa nne asubuhi ili mchana upite na uji tu, kisha ugali ukaliwa mapema, saa kumi na mbili jioni. Milo mitatu ikawa miwili na nusu. Watoto nao, wakiwa hawana la kufanya, wakawa wanakula kwa kuchoshwa, siyo kwa njaa. Mtoto anaingia jikoni mara kumi, kila mara anafunua sufuria. Mama yeyote aliyepitia ile miezi anaijua sauti ya mfuniko.

Kisha sukari ikapanda. Viwanda vyetu vya sukari husimama wakati wa masika, kwa kuwa miwa haivuniki na haibebeki kwenye matope, na pengo hilo huzibwa na sukari ya kutoka nje. Mwaka ule sukari ya nje ilichelewa, na katika baadhi ya maeneo kilo ikavuka shilingi 4,000. Serikali ikatangaza bei elekezi. Ilikuwa Aprili na Mei, na mwezi wa Ramadhani uliingia mwishoni mwa Aprili, Idi ikawa tarehe 24 Mei. Dada zetu Waislamu walifuturu uji uliopungua utamu. Sisi Wakristo tulikuwa tumetoka kumaliza Kwaresima, Pasaka ikawa tarehe 12 Aprili. Mwaka huo mfungo na upungufu vilikaa chumba kimoja.

Hapo ndipo kiazi kiliporudi. Aprili mpaka Juni ni wakati wa viazi vitamu huku kwetu, kwa hiyo nyumba zilizokuwa zimezoea mkate na maandazi zilijikuta zinachemsha viazi asubuhi, chai ya tangawizi pembeni, sukari kijiko kimoja kwa birika zima. Wazee waliokula unga wa Yanga hawakushangaa. Mama yangu mkubwa alisema tu, "Mmerudi kwetu." Tangawizi, limau na vitunguu saumu navyo vilipanda bei kwa sababu kila mtu alivitafuta kama kinga na dawa. Sina hakika viliponya nini, lakini vilitufundisha kunywa chai ya viungo.

Samaki nao walikuwa na habari yao. Sangara wa Ziwa hili alipandikizwa wakati wa ukoloni na mwanzoni mwa uhuru, na kuanzia miaka ya 1990 viwanda vya Mwanza vimekuwa vikimkata minofu ya kusafirishwa Ulaya na kwingineko. Siku zote mnofu unapanda ndege, sisi tunabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa. Mwaka 2020 ndege zikasimama, soko la nje likayumba, na bei ya sangara mialoni ikashuka. Kwa wavuvi na wachakataji ilikuwa pigo, na wengi wao ni waume na ndugu zetu. Lakini kuna nyumba zilizokula mnofu wa sangara mwaka ule ambazo hazikuwahi kuula kabla. Riziki ya mwingine ikizibwa, wakati mwingine inamwagikia uani kwako, na huwezi kuifurahia kwa moyo mmoja.

Ziwa lenyewe likajaa. Mei 2020 kina cha Ziwa Victoria kilipimwa kule Jinja kikafika mita 13.42, kikaipita rekodi ya mwaka 1964 ya mita 13.41. Bustani za mboga za kandokando ya maji zikazama, na mialo mingine ikamezwa. Ninyi wa visiwani mlilijua hilo kuliko sisi. Mwenye nsansa ndani alikuwa na mboga. Asiye nayo alitafuta mchicha wa kununua.

MAJIRANI WA ZIWA MOJA

Wenzetu walifungiwa kweli. Kenya iliweka kafyu ya usiku kuanzia tarehe 27 Machi. Uganda ilisimamisha usafiri wa umma na wa binafsi mwishoni mwa Machi, na shule zake hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022, karibu miaka miwili.

Nataka mtazame mambo mawili ya Uganda. La kwanza, mwezi Aprili Serikali ilianza kugawa chakula kwa watu wa Kampala na Wakiso waliokosa kipato: kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage kwa mtu, na wagonjwa na mama wanaonyonyesha wakaongezewa maziwa ya unga na sukari. Mpango ule ulimtaja mama anayenyonyesha peke yake. Aliyeupanga alijua kwamba katika nyumba yenye njaa, mama huyo hukosa wa kumpakulia.

La pili, wauza vyakula masokoni waliruhusiwa kuendelea, lakini kwa sharti walale hukohuko sokoni wasipeleke ugonjwa nyumbani. Wengi wao ni wanawake. Walitandika mikeka kati ya meza za nyanya na ndizi, wakafunga vyandarua, wakalala hapo siku baada ya siku. Walikuwa wanalisha mji mzima, na watoto wao nyumbani walikuwa wanapikiwa na mtu mwingine. Nikiwaza hilo, najua neno kukaa nyumbani halikumaanisha kitu kimoja kwa wanawake wote.

Hata mbali, Uingereza, unga wa ngano uliadimika madukani kwa sababu watu waliofungiwa ndani walianza kuoka mikate wenyewe. Nchi tajiri, yenye maduka ya kila kitu, nayo ilirudi kwenye unga na mikono. Tofauti ni kwamba wengi wao walilazimika kujifunza upya kile ambacho bibi zao walikijua. Sisi bado bibi tunao. Kwa sasa.

SAHANI YA MAMA

Sasa niseme lile ambalo historia nyingi haziliandiki. Chakula kikipungua ndani ya nyumba, hakipungui sawa kwa kila mtu.

Kwa desturi zetu baba, wageni na vijana wa kiume wanapakuliwa kwanza. Watoto wanafuata. Mama anakula mwisho, mara nyingi jikoni, kilichobaki. Siku za shibe utaratibu huo hauumizi sana, kwa sababu kinachobaki kinatosha. Siku za upungufu kinachobaki ni ukoko. Mwaka 2020 nimewaona akina mama hapa jirani wakisema "nimeshiba" wakati sijawaona wakila. Na wewe unayesoma hapa unajua kama umewahi kulisema neno hilo.

Wanawake wa Tarime hawakuwa wengi katika orodha ya wagonjwa kwa bahati mbaya tu. Mwili uliokosa kitoweo ndio uliolemewa na sumu, na kitoweo kikiwa kidogo tunajua kinaishia kwenye sahani ya nani. Kwa hiyo dada zangu, anayejinyima kila siku hajafanya ibada. Mfungo una mwanzo na mwisho, una nia, na una futari au Pasaka mbele yake. Kukosa chakula kwa sababu umepakua vibaya hakuna Pasaka.

Nabii Eliya alipofika Sarepta alimkuta mjane akiokota kuni apike kile cha mwisho, yeye na mwanawe wale, kisha wafe. Tunapenda kuhubiri muujiza wa unga usiopungua. Lakini tazama tena hesabu ya mjane yule: katika kile kidogo cha mwisho alijihesabu na yeye mwenyewe. Na neno la Mungu lilipotimia, walikula yeye, Eliya na nyumba yake, siku nyingi. Mama hakuachwa nje ya muujiza.

Yusufu naye kule Misri hakungoja njaa ifike ndipo akaanza kuhubiri. Miaka saba ya shibe alikuwa anajenga maghala. Imani yake ilikuwa na vipimo na milango.

KILICHOBAKI

Shule zilipofunguliwa, mambo mengi yalirudi yalivyokuwa. Mkate ukarudi mezani, chipsi zikarudi kwenye kona, mama wa vitumbua akarudi getini, namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini yapo yaliyobaki. Chai ya tangawizi imebaki. Nyumba kadhaa hapa Usagara bado zinapanda mboga kwenye magunia na ndoo zilizopasuka, kitu kilichoanza miezi ile. Mabinti wengi waliokaa nyumbani walijua kusonga ugali wa watu kumi, na wavulana kadhaa pia, kwa sababu mama hakuwa na namna.

Kilichonitia wasiwasi ni hiki. Nilipowauliza mabinti watano wanaojifunza cherehani kwangu tofauti ya michembe na matobolwa, wawili tu ndio waliojua, na hakuna aliyewahi kuanika mwenyewe. Wote wanakula, wanapenda, wananunua sokoni. Kutengeneza hawajui. Kizazi kimoja zaidi, na elimu ile itakuwa imebaki kwa wauzaji wachache, na siku mvua, ugonjwa au vita vikifunga barabara na kivuko, hatutakuwa na wa kumuuliza.

Kwa hiyo naomba tufanye kitu kidogo msimu huu wa viazi. Tenga kikapu kimoja tu. Nusu kata mbichi uanike, nusu chemsha ndipo uanike, na umwite binti yako, na mwanao wa kiume pia, washike kisu. Anikeni palipo safi, mbali na kuku na vumbi, mkivigeuza kila siku mpaka kipande kivunjike kikikunjwa. Viwekeni kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Kando yake wekeni kopo la dagaa waliokauka vizuri na mfuko wa majani ya kunde. Mwenye muhogo mchungu asipunguze hata siku moja katika kuvundika na kuanika, hata watoto wakilia kiasi gani. Wape michembe wakati wanasubiri.

Na siku mtakapofungua kopo hilo, iwe ni kwa masika, kwa uzazi au kwa jambo tusilolitarajia, jipakulie na wewe mapema, wakati chakula bado kipo chunguni. Wahenga walisema akiba haiozi, na mwenye kuitunza naye anatakiwa awe hai aile.

Mkifanya, niandikieni mmeanikaje kule kisiwani, maana nasikia Ukara mna namna yenu na ningependa kuijua.